Bwate otomatiki zinakufa mapema huku kwetu: ni mafuta gani tunatia, na nani anayachunguza?

Ukipita asubuhi mbele ya garaje za Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia, utaona gari zimepangwa kando ya barabara, vumbi imekaa juu ya vioo. Zamani gari iliyolala garaje ilikuwa na shida ya motere, ya amortisere ao ya freni. Siku hizi nyingi ziko na motere nzima. Unawasha, inaunguruma vizuri, radio inaimba, taa zote ziko sawa. Unaweka mkono wa vitesi ku D, gari inabaki palepale. Ao inatoka, inafika mu kilima, motere inapiga kelele na magurudumu hayafuati. Fundi anakuja, ananusa kijiti cha kupimia, anatikisa kichwa. Bwate imekufa.

Kwa mtu mwenye mshahara na akiba, hiyo ni hasara. Kwa jamaa nyingi za huku mashariki ni zaidi ya hasara. Tangu banki zilifungwa Goma mu mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, watu wengi waliokuwa na makuta kidogo hawakutaka kuyalaza chini ya godoro. Walinunua kitu kinachotembea na kuleta chakula kila jioni. Vitz ya teksi, Ist, Noah ya kubeba wasafiri. Minerval ya watoto iko mu ile gari. Dawa ya mzee iko mu ile gari. Bwate ikikufa, banki ya nyumba imefungwa mara ya pili.

Sababu za kifo ni nyingi: umri wa gari, milima, matope, mawe. Hizo hatuwezi kuziondoa kesho. Kuna moja lakini iko mikononi mwetu, na njo ile tunaidharau zaidi: mafuta ya bwate. Wengine wanatia isiyofaa, wengine hawabadilishi hata siku moja, na wengine wanauziwa maji mekundu yenye jina la mafuta.

Gari zimetoka wapi

Hatukuchagua otomatiki, zilitukuta. Wajapani wanapenda bwate otomatiki, na sheria yao ya ukaguzi wa gari ni kali: gari mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kila mara mwenyewe analipa. Gari ikizeeka kidogo, kuiuza inje kunakuwa rahisi kuliko kuipitisha mu ukaguzi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ya mwaka 2020 ilihesabu gari ndogo za okazio milioni 14 zilizouzwa kutoka Ulaya, Marekani na Japani kati ya 2015 na 2018, na kusema kwamba 80 kwa mia zilienda mu inchi zenye mapato ya chini na ya kati. Kenya inakataa gari iliyopita miaka 8. Uganda iliweka mpaka wa miaka 15. Gari ambayo jirani ameikataa haitupwi baharini. Inatafuta mlango mwingine, na mlango huo mara nyingi ni sisi. Inatoka Mombasa kupitia Uganda, ao Dar es Salaam kupitia Rwanda, Burundi ao ziwa Tanganyika, na ndugu zetu wa Lubumbashi wanaipokea Kasumbalesa.

Usukani uko kuume wakati sisi tunatembelea kuume, hiyo tumeizoea. Jambo ambalo hatujazoea ni kwamba kitabu cha gari, kama kimebaki ndani, kimeandikwa Kijapani. Na ndani ya kile kitabu njo mlikuwa jibu la swali lote la leo.

Kwa nini mafuta hii si kama ile ya motere

Mu motere, mafuta inalainisha, inasafisha, inapunguza moto. Mu bwate ya mkono pia kazi yake ni ndogo: meno yasisagane. Lakini mu bwate otomatiki mafuta njo inayosukuma gari. Kati ya motere na bwate hakuna ambrayaje unayoikanyaga kwa mguu. Kuna chombo kinachofanana na mabakuli mawili yanayotazamana ndani ya mafuta: motere inazungusha moja, mafuta inarushwa, na ule mrusho unazungusha la pili. Kisha pompe inasukuma mafuta ileile mu njia ndogo ndogo ili ifunge na kufungua sahani za ndani, ambazo zimebandikwa kitu kinachofanana na karatasi ngumu. Sahani zikishikana kwa wakati wake, vitesi inaingia polepole na abiria hasikii. Zikishikana vibaya, gari inaruka kama mbuzi. Zisiposhikana kabisa, zinateleza, zinapata moto, karatasi inaungua, mafuta inakuwa nyeusi na harufu ya kitu kilichochomwa.

Basi mafuta hii inaombwa mambo mawili yanayopingana: iteleze mu meno, lakini isiteleze sana mu sahani. Dawa zinazotiwa ndani yake njo zinapima ule mteremko kwa kila aina ya bwate. Watengenezaji wa zamani kule Marekani walikuwa wanatumia mafuta ya nyangumi kwa kazi hiyo, mpaka nyangumi wakakaribia kwisha na inchi yao ikakataza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu wa kemia walihangaika kupata kitu kingine cha kujaza ile nafasi. Nasema hiyo ili kuonyesha kwamba mu ile litri moja nyekundu mna elimu nyingi kuliko rangi yake.

Na rangi haisemi kitu. Nyekundu ni rangi iliyotiwa tu, ili mtu akiona tone chini ya gari ajue ni ya bwate na si ya motere. Mafuta mbili nyekundu zinaweza kuwa tofauti kama chumvi na sukari.

Noah yetu

Hii niliijifunza kwa kulipa. Mimi na yaya yangu tulikuwa na Noah iliyokuwa inafanya Bukavu–Uvira. Iliingia vizuri, motere safi, ndani safi, watu walituonea wivu. Siku moja tuliipeleka mu garaje moja kwa vidanje ya kila kitu, juu tulitaka kuwa watu wenye akili. Fundi alitoa mafuta ya bwate, akatia nyekundu aliyokuwa nayo mu bido, ile wanayotumia mu direksio. Tukamuuliza kama njo yenyewe. Akasema otomatiki ni otomatiki. Tukamlipa, tukamshukuru, hata Fanta tukamnunulia.

Ile Noah ilikuwa na bwate ya CVT. Hatukujua. Noah ya mwaka 2001 mpaka katikati ya 2004 iko na bwate otomatiki ya kawaida yenye vitesi 4. Kutoka mwisho wa 2004, Noah zilezile, jina lilelile, sura karibu ileile, zilianza kupata CVT. Ist ni vilevile: ya kwanza vitesi 4, ile iliyotoka 2007 ni CVT. CVT haina vitesi za meno. Iko na mkanda wa chuma unaokaa kati ya magurudumu mawili yanayojipanua na kujibana. Chuma kinashika chuma, na kati yao kuna mafuta peke yake. Mafuta ya CVT imetengenezwa ili chuma kisiteleze juu ya chuma. Ukitia ile ya otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza, unajikwaruza, na mikwaruzo haiponi.

Majuma ya kwanza hatukusikia kitu. Kisha mu milima ya Ngomo ikaanza kulia, sauti nyembamba kama mtoto mwenye usingizi. Tukafikiri ni rulma. Siku ilipokataa, wasafiri walishuka na mizigo yao, mama mmoja na ndoo zake za samaki, na mimi nikabaki pale juu ya mlima na gari yenye motere nzima. Yule fundi simuhukumu sana. Alifanya kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha alijifunzia ku Carina, mahali ile nyekundu ilikuwa inafaa.

Hapo njo ninaona mzizi wa shida, na haujulikani sana. Toyota nyingi za zamani zilitumia mafuta ya aina ya Dexron mu bwate, na zikatumia Dexron ileile mu direksio. Mafundi wetu walizoea bido moja kwa kazi mbili. Maduka yakazoea kuleta aina moja. Gari zikabadilika, bido halikubadilika.

Namna ya kujua aina

Dexron ni jina la General Motors ya Marekani. Dexron III ilikuwa kwa miaka mingi njo mafuta ya kila mtu, lakini wenyewe waliacha kutoa ruhusa ya jina hilo tangu mwisho wa 2006, wakabaki na Dexron VI. Kwa hiyo bido jipya linaloandika Dexron III linajisemea lenyewe, hakuna mtu wa GM aliyelithibitisha. Hiyo haimaanishi ni mbaya, inamaanisha unategemea uaminifu wa aliyelijaza.

Toyota walikuwa na T-IV, kisha wakaleta WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Toyota wenyewe wanasema hizo mbili hazibadilishani. Nissan wako na Matic zao kwa otomatiki, na NS-2 ao NS-3 kwa CVT. X-Trail ile ya kutoka 2007 yenye CVT inaomba NS-2. Mitsubishi wengi wanataka SP-III. Honda wako na zao, na mimi Honda ningeitilia mafuta yao wenyewe bila kujaribu kitu kingine.

Kujua gari yako inataka nini si uchawi. Ukiwa na joje, kile kijiti cha kupimia, ivute na uifute vizuri: ku Toyota nyingi jina la mafuta limechongwa palepale ku chuma, T-IV ao CVT. Gari isiyo na joje mara nyingi iko na WS, na ku kizibo chake pengine wameandika hizo herufi mbili. Kama huoni kitu, chukua namba ya shasi, muombe kijana mwenye telefone aitafute ku intaneti. Dakika kumi. Sisi hatukufanya zile dakika kumi.

Kuhusu zile bido zinazoandika kwamba zinafaa gari zote: kwa bwate ya kawaida, kama mtengenezaji ni mtu anayejulikana na nyuma ya bido ameandika jina la mafuta yako, mimi ninaona inaweza kupita. Kwa CVT, hapana. Bido linalosema linafaa otomatiki na CVT pamoja, ningeliacha ku duka.

Kuna uongo wa «maisha yote»

Watengenezaji wengine waliandika kwamba mafuta ya bwate ni ya maisha yote ya gari. Watu wetu wamelishika neno hilo kama Injili. Lakini uliza: maisha ya nani? Mtu wa Tokyo anatembea ku lami, anauza gari ikiwa bado kijana. Kwake yeye, ndiyo, ilikuwa maisha yote. Kwetu gari inaanza maisha ya pili. ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza bwate za gari nyingi za Ulaya, inashauri kubadilisha kati ya kilometa 80 000 na 120 000, ao baada ya miaka 8 hata kama kilometa hazijatimia. Na huo ni ushauri kwa barabara za Ulaya.

Barabara zetu ni hesabu ingine. Moto njo adui wa kwanza wa mafuta hii, na moto unatoka zaidi wakati gari inapanda polepole ikibeba sana, juu mabakuli yale mawili yanapishana na mafuta inapigwa tu bila gari kusonga vya kutosha. Sasa fikiri Noah ya watu 8 iliyobeba 11, na magunia juu, inapanda kutoka Kamanyola. Ao gari iliyonasa mu matope ku RN4 kati ya Beni na Mambasa, shofere anakanyaga esansi dakika ishirini, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ile dakika ishirini inaweza kula mafuta kuliko miezi mizima ya kutembea ku lami.

Mimi ninasema kilometa 40 000, na kwa gari ya teksi ya milimani hata mapema zaidi. Kwa okazio iliyotoka kufika, usiamini kilometa zinazoonyeshwa ku tablo. Wengine wanazirudisha nyuma. Toa mafuta, uitazame, uanze hesabu yako mwenyewe.

Kuna wanaosema: bwate ya zamani usiiguse, ukibadilisha mafuta itakufa. Neno hilo halikuanguka toka mbinguni. Watu wengi wanakumbuka mafuta siku bwate imeanza kuteleza, wanabadilisha, inakufa juma linalofuata, na mafuta mpya inabeba lawama. Karatasi za sahani zilikuwa zimekwisha zamani. Kama mafuta yako ni nyeusi, inanuka kuungua, na karteri iko na unga mwingi wa chuma, mafuta mpya haitafufua mtu. Kama ni kahawia tu na gari bado inabadilisha vizuri, badilisha bila woga, lakini polepole.

Polepole maana yake nini? Ukifungua kizibo cha chini, mafuta yote haitoki. Sehemu kubwa inabaki mu yale mabakuli na mu njia za radiatere. Tuseme bwate inabeba litri 8 na zinatoka 4. Ukitia 4 mpya, uko na nusu mpya. Tembea majuma mawili, rudilia: robo tatu. Rudilia tena: karibu 88 kwa mia. Njia hiyo inakula mafuta mengi kidogo, lakini haishtui bwate. Ile mashine ya kusukuma mafuta yote kwa mara moja, kwa bwate ambayo haujui historia yake, ningeikataa. Na filtri, kama karteri inafunguliwa, ibadilishwe ao isafishwe pamoja na zile sumaku ndogo zinazokamata unga wa chuma.

Kipimo cha litri ni rahisi na kinasahauliwa: pima ile iliyotoka, tia kiasi kilekile. Ikizidi, meno yanaipiga na kuifanya povu, na povu haina nguvu ya kusukuma. Ikipungua, pompe inavuta hewa. Yote mawili yanateketeza sahani.

Kisha pima. Ku gari yenye joje, Toyota wanataka mafuta ikiwa na moto, baada ya kutembea kama dakika 15 ao 20, motere inawaka, umepitisha mkono wa vitesi mu nafasi zote na kurudi P. Honda wao wanataka motere izimwe. Na gari iwe mahali palipo sawa, jambo ambalo mu Kadutu ni kazi kwelikweli kulipata. Mtu anayepima akiwa ameegesha mu mteremko anajidanganya. Gari zisizo na joje ni ngumu zaidi: zinajazwa mpaka mafuta imwagike kwa kizibo kidogo, lakini kwa kiwango fulani cha moto, ku Toyota nyingi kama digri 40 mpaka 45. Fundi asiyepima moto, akifanya kazi hiyo bwate ikiwa imechemka, atakuachia mafuta kidogo. Ikiwa baridi, atakuachia nyingi. Fundi wa namna hii akuonyeshe kifaa chake cha kupimia moto kabla ya kufungua chochote. Si aibu kumuuliza.

Mambo mengine tunayojifanyia wenyewe

Kukokota. Gari imekosa esansi, ao imenasa, tunafunga kamba na kuivuta kilometa makumi. Pompe ya bwate inazungushwa na motere; motere ikizimwa, pompe imelala, na magurudumu yanazungusha vyuma vikavu. Noah, Vitz, Ist na zingine zinazovutwa na magurudumu ya mbele zinapaswa kuinuliwa mbele kabla ya kukokotwa. Ukikosa njia, basi mwendo wa polepole sana na mahali pa karibu tu.

Kushuka na N ili kulinda esansi. Mashofere wa milimani wanaijua sana, wengine wanazima hata motere. Ukizima, bwate inabaki kavu, direksio inakuwa nzito na freni zinapoteza msaada wake. Mu mteremko wa Ngomo, makuta uliyookoa ku esansi haifiki hata ku bei ya jeneza. Weka 2 ao L, acha motere ishikilie gari.

Na radiatere. Hii ni ya siri zaidi. Mafuta ya bwate inapita ndani ya radiatere ili ipoe, mu kijinjia chake, pembeni ya maji. Tunatia maji ya mto ao ya robine peke yake, bila dawa yake, miaka inapita, kutu inatoboa kile kijinjia. Maji na mafuta vinachangana. Ukiona mafuta ya bwate imekuwa na rangi ya yaurti ya rozi, zima gari palepale. Maji yanalegeza gundi ya zile karatasi za sahani, na kuendelea kutembea kilometa tano kutafuta fundi wa bei ndogo ni kuiua. Goma mnaongeza juu yake mawe ya volkano, yanayopiga karteri toka chini. Tone moja nyekundu pale parsele asubuhi lina maana.

Nani anachunguza kinachouzwa?

Hapa njo mahali shida inatoka mu garaje na kuingia mu mambo ya serkali. Inchi iko na Office Congolais de Contrôle, OCC, iliyoundwa 1974, yenye kazi ya kuchunguza ubora wa bidhaa zinazoingia. Tangu 2022 Congo iko mu Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mafuta mengi ya gari inatufikia kupitia majirani hao. Mu karatasi, bido linapita mu mikono ya watu wengi kabla ya kufika ku duka. Lakini karatasi haipimi msuguano. Kujua kama mafuta iko na dawa zake kunaomba laboratware, si jicho la mtu wa duane.

Na mpaka wenyewe umekatika vipande. Bunagana iko mikononi mwa M23 tangu mwezi wa sita 2022. Goma na Bukavu zilifuata mwaka 2025, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mzigo unaopita mstari wa mapigano unalipishwa hapa na unalipishwa tena kule. Mwenye duka anayelipa mara mbili anatafuta pa kupunguza, na mahali rahisi pa kupunguza ni ndani ya bido, juu mnunuzi haoni ndani ya bido. Ukiuziwa mafuta mbovu Goma, Beni ao Uvira, swali la mahali pa kupeleka malalamiko halina jibu moja tena. Ninasema hivyo bila kuchagua upande. Bwate haijui ni nani anayetawala.

Mnyororo huu wote unaishia kwa mtu mmoja, mwenye gari, ambaye njo pekee asiye na kifaa. Lakini hayuko bila nguvu. Mafuta inayouzwa mu chupa ya maji ya kunywa, iliyopimwa kutoka futi kubwa, isiingie mu bwate yako hata kama muuzaji ni mjomba. Bido lifunguliwe mbele ya macho yako, na kizibo kiwe na pete yake haijakatika. Namba ya uzalishaji iwe imechapwa wazi ku bido lenyewe, si ku etiketi inayotoka kwa ukucha. Omba fakture yenye jina la mafuta lililoandikwa lote: «WS», «NS-2», si «huile rouge». Duka likijua jina limeandikwa ku fakture, linafikiri mara mbili. Na bido tupu ondoka nalo, ao litoboe. Bido tupu lenye sura nzuri njo mali ya kwanza ya mtu anayejaza uongo.

Mashirika ya mashofere yangeweza kufanya zaidi. Yanakusanya mchango wa kila siku ku parking zote. Wakiagiza pamoja aina tatu ao nne za mafuta zinazotumiwa zaidi, kutoka kwa muuzaji mmoja anayejulikana, na kuandika ku ubao ni gari gani inachukua gani, hasara nyingi zingekwisha bila kungojea mtu yeyote wa Kinshasa ao wa kwingine. Fundi vijana pia wanaomba kufundishwa CVT. Wengi hawajawahi kuona mkanda wake isipokuwa ukiwa umekatika.

Limebaki neno la mafuta iliyotoka. Mu garaje nyingi inamwagwa chini ao mu mufereji, na mifereji ya Bukavu na Goma inashuka mu ziwa Kivu, ile ya Uvira mu Tanganyika, mahali tunachota na kuvua. Wengine wanaichukua kupakaa mbao zisiliwe na mchwa. Hiyo angalau haiendi moja kwa moja mu maji. Sisi siku hizi tunaiweka mu bido lenye alama, mbali na ile mpya, na mkubwa mmoja wa seremala anapita kulichukua kila mwisho wa mwezi.